Diski Aliyoirudisha Denzil

Denzil Hedrick aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwacha mtoto barabarani wala kubaki na kitu cha mtu. Glavu ikidondoka chini ya kiti, kesho yake asubuhi ilikuwa mkononi mwa mwenyewe. Aliwahi kuokota nyundo kando ya barabara akazunguka nayo wiki mbili, nyumba hadi nyumba, akiuliza ni ya nani, mpaka mtu mmoja akachoka naye akasema ni yake ili tu amwondoe mlangoni. Uaminifu ni jambo jema, nani atabisha? Lakini uaminifu wa Denzil ulikuwa na kiburi ndani yake, na sisi tuliokaa naye bondeni tulilijua hilo mapema sana, ila hakuna aliyethubutu kumwambia.

Yeye na mkewe Opal walijaliwa mtoto mmoja tu, Lonnie. Mwaka ambao Lonnie alitimiza miaka kumi na tisa, walikuja watu wa filamu na magari yao, wakapiga picha bondeni kwetu muda wa wiki tatu. Walitaka vijana wa kusimama nyuma ya waigizaji, na Lonnie akachukuliwa. Filamu yenyewe ilikuwa ndogo, haikuvuma popote, na kampuni iliyoitengeneza ilikufa kabla hata diski zake hazijaenea madukani. Ndani yake Lonnie yupo kwa sekunde kumi na moja. Anashusha robota la nyasi kwenye gari, anafuta jasho, mtu asiyeonekana anamwambia neno, naye anageuka na kucheka. Basi, hakuna zaidi.

Miaka miwili baadaye gogo lilimuumiza mgongo kwenye kiwanda cha mbao. Daktari akampa vidonge vya kutuliza maumivu, na vidonge vikamchukua, kama vilivyowachukua wenzake wengi huku milimani. Alianza kuuza vitu vya nyumbani ili avinunue, kidogo kidogo. Siku alipouza msumeno wa baba yake, Denzil alimfungulia mlango na kumwambia atoke, tena ilikuwa Februari, theluji ikiwa magotini. Mwezi wa Aprili polisi walimkuta ndani ya gari la mtu, kwenye maegesho ya mji wa pili, amekufa tangu jana yake.

Denzil hakuzungumzia habari ile tena. Picha za Lonnie zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa kwenye simu aliyoiuza mwenyewe. Kwa hiyo Opal alibaki na zile sekunde kumi na moja.

Tatizo lilikuwa kuzipata. Mjini, nje ya duka la vitu vya bei rahisi, palikuwa na ile mashine ya kukodisha filamu: unabonyeza, unachagua, inakutemea diski, kesho unairudisha. Opal aliijaribu mara moja. Ilikuwa na filamu mpya tupu, magari yanalipuka na watu wanaruka kutoka ghorofani. Ukitafuta filamu ya zamani kidogo, mashine haikujui. Zaidi ya hapo ni mwendo wa gari wa dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, na kesho yake tena kwenda kurudisha, kwa barabara ya milimani yenye barafu. Nani ana ubavu huo?

Kutazama mtandaoni nako kulikuwa habari za watu wengine. Bondeni kwetu minara ya simu hairuhusiwi, kwa sababu ya ile darubini kubwa inayosikiliza nyota, isije ikavurugwa na mawimbi, na waya wa simu unaofika kwa akina Hedrick ulikuwa mzee kuliko Denzil. Ungeweza kuanza kufungua picha moja, ukaenda kukamua ng'ombe, ukarudi ukaikuta imefika kidevuni.

Ndipo Kendra, mtoto wa kaka yake Opal anayekaa mji wa Lewisburg wenye mtandao wa kasi, akamwandikisha shangazi yake kwenye kampuni inayotuma filamu kwa posta. Unaandika kwenye kompyuta orodha ya filamu unazotaka, maana maandishi hata waya ule uliyaweza. Wanakuletea ya kwanza ndani ya bahasha ya kijani, unatazama, unairudisha kwenye bahasha ileile bila stempu, inakuja inayofuata. Kampuni ile ilikuwa na kila kitu. Hata filamu ya Lonnie, ambayo hata mkutubi wetu hajawahi kuisikia, walikuwa nayo.

Opal aliiweka juu kabisa ya orodha. Ikija, aliitazama; ikiondoka, aliiandika upya. Mtu angeuliza, kwa nini asibaki nayo tu, maana kampuni haikuwa na haraka? Jibu ni Denzil. Kwake diski ilikuwa kitu cha watu, na kitu cha watu hakilali nyumbani zaidi ya wiki. Alhamisi ikifika aliifuta kwa kitambaa, akaitia bahashani, akaiweka kwenye sanduku la barua kando ya barabara na kuinua kibendera ili mleta barua asimame. Opal aligombana naye mwaka wa kwanza, kisha akazoea, na mwisho akaanza kuupenda utaratibu ule. Akiona filamu imeshatumwa, alioka mkate wa mahindi, akasema, "Anakuja Jumanne." Miaka saba Lonnie alikuwa akija na kuondoka kwa posta, na mama yake alikuwa mtu mzima wa akili, alijua anachofanya.

Denzil hakuwahi kuitazama. Deki ikiwashwa, alichukua kofia yake akaenda zizini. Hata jina la filamu likitajwa, alitoka. Moyoni alijiambia kwamba iko siku ataketi na kutazama, ila si leo. Na kwa kuwa kila baada ya wiki chache bahasha ilirudi, siku ile haikuwa na haraka.

Kisha kampuni ikatangaza kwamba inafunga. Mwisho wa Septemba, bahasha ya mwisho. Kendra alikuja Jumapili kuwaeleza, akaleta na kompyuta yake ndogo.

"Shangazi, nimetafuta huko mtandaoni kote," alisema. "Kampuni zote, moja moja. Hiyo filamu ilikuwepo mwezi mmoja mwaka juzi, wakaitoa. Wa kuuza pia hakuna. Yaani hakuna kabisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo omba ije kwenye zile za mwisho. Wamesema zitakazokuwa mikononi mwa watu siku ya kufunga, hawazitaki tena. Unabaki nayo, ni yako."

Denzil hakuyasikia hayo. Kendra alipotaja tu jina la filamu, yeye alikuwa ameshashika kofia, na wakati mambo makubwa yanasemwa jikoni alikuwa anakagua mafuta ya trekta ambayo alikuwa ameyakagua asubuhi.

Wiki tatu Opal alihangaika. Watu wengine nao walikuwa wanazikimbilia filamu zao, na orodha ilimwandikia: subiri. Hakula vizuri. Jumanne ya mwisho alisimama kando ya barabara tangu saa tatu, mpaka gari la Faye, mleta barua wetu, lilipotokea kwenye kona. Faye alimpa bahasha ya kijani dirishani. Opal aliifungua palepale, akasoma maandishi ya kwenye diski, akaanza kulia, na Faye akazima injini akamngoja amalize.

Chakula cha mchana siku ile Opal alimwambia mumewe, "Hii hairudi, Denzil. Wameturuhusu."

"Nani kasema?"

"Kampuni. Kendra kasoma."

"Kampuni itoe mali yake bure," Denzil alisema huku akikata nyama. "Sijapata kuona. Tutaona."

"Hakuna cha kuona. Nimekwambia."

Alirudi kwenye nyama yake, naye Opal akadhani yameisha. Kumbe mzee alikuwa anayatafuna.

Alhamisi ilikuwa siku ya wanawake wa kanisani kupika jemu ya matufaha. Ni kazi ya kutwa, sufuria kubwa ya shaba juu ya moto, mnapokezana mwiko mrefu, na ukiacha kukoroga dakika moja imeungua. Opal alitoka mapema. Denzil alibaki peke yake na diski ikiwa juu ya televisheni.

Sasa sikilizeni jinsi mtu mwema anavyoweza kukosea. Denzil alikumbuka ile shule yetu ndogo ilivyofungwa. Siku ya mwisho kila mtoto alirudisha vitabu, hata vilivyochanika, na Agosti vitabu vyote na watoto wote, na yeye na basi lake, walihamia shule kubwa ya wilaya. Hakuna hata mmoja aliyeachwa. Aliwahesabu mwenyewe mlangoni mwa basi. Akaona na hii ni hivyohivyo. Wanaacha kutuma kwa posta kwa sababu filamu zimehamia huko mtandaoni, kila mtu anasema siku hizi vyote viko huko. Hii nayo imehamia. Kendra atamfungulia shangazi yake huko Lewisburg, na deni la watu litakuwa limekwisha kwa heshima. Akaifuta kwa kitambaa. Akaitia bahashani. Kabla ya kubandika alisita kidogo, akaitazama deki. Alikuwa peke yake, nyumba kimya, na angeweza kuiwasha. Akaona ataitazama huko ilikohamia, siku moja, na akabandika bahasha.

Faye alipofika alimkuta amesimama kwenye sanduku, kibendera juu.

"Bwana Denzil, hii si ile ya Bi Opal?"

"Ndiyo."

"Lakini si wameruhusu mbaki nazo? Njia nzima hakuna aliyenipa diski wiki hii. Hata mchungaji kabaki na tatu."

"Mchungaji ana yake ya kujibu kwa Mungu."

"Umemuuliza Bi Opal mwenyewe?"

"Faye," alisema, "nimekuendesha shuleni miaka tisa. Nimewahi kukuchelewesha?"

"Hapana, bwana."

"Basi na mimi usinicheleweshe."

Faye aliichukua. Baadaye alituambia kwamba mkono ulimwambia asiichukue, lakini kazi ya posta haina mkono, ina sheria.

Opal alirudi saa kumi na moja jioni ananuka moshi na mdalasini, amebeba chupa sita za jemu. Aliziweka mezani, akanawa, akaenda sebuleni. Denzil alimsikia akisogeza vitu juu ya televisheni, kisha akivuta droo.

"Iko wapi?"

"Nimeirudisha. Leo Alhamisi."

Opal alitokea mlangoni na mikono bado mibichi. "Umerudisha nini?"

"Mali ya watu, mama. Kendra atakufungulia mtandaoni, vyote vimehamia huko, hutahangaika tena na..."

"Huko hayupo."

"Vyote viko..."

"Hayupo, Denzil. Kendra alitafuta kote. Alisema hapa, mbele ya hii meza. Wewe ulikuwa wapi?"

Denzil alijua alikuwa wapi. Aliuona ule mlango wa jikoni, na kofia, na trekta ambayo haikuwa na shida yoyote. Akaketi, na hofu ikamwingia, hofu ya kweli, ambayo hakuwahi kuijua hata kwenye barafu na watoto arobaini nyuma yake.

Ijumaa saa moja asubuhi alikuwa mlangoni mwa posta. Mfuko ulikuwa umeondoka jana yake. Akaomba simu, akaipigia kampuni, akangoja na muziki sikioni karibu saa nzima. Msichana aliyemjibu alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, maana hakuwa na wa kugombana naye.

"Bwana, zinazorudi sasa haziingii tena kwenye rafu," alisema. "Zinakwenda kusagwa."

"Zote?"

"Zote, bwana. Kwani hukupata barua yetu? Tulisema mnaweza kubaki nazo. Tulitaka mbaki nazo."

Alishukuru, akarudisha simu kwa karani, akashukuru tena. Alikawia kwenye gari mpaka karani akatoka kuja kumwangalia.

Nyumbani alimkuta Opal anamenya viazi. Alimweleza, maneno machache, hakujitetea hata kwa moja. Opal aliendelea kumenya. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Ya Denzil yalikuwa yameshafika yamekaa naye mezani. Alivua kofia akaiweka magotini. Ilikuwa miaka minane hajalitamka lile jina ndani ya nyumba ile.

"Opal. Lonnie alikuwaje humo ndani?"

Kisu kilisimama.

"Anapogeuka," alisema Denzil. "Nasikia anageuka na kucheka. Anachekaje? Nieleze tu. Mimi sikuwahi kumwona."

Opal alimtazama mumewe. Hakuwa na hasira tena, na Denzil angefurahi kama angekuwa nayo.

"Umemtoa humu mara mbili," alisema. "Kilichobaki kiko kichwani mwangu, na hicho hukigusi."

Akachukua kiazi kingine.