Mhina wa Kaoze Katika Baridi ya Mazwi

Mwaka 1981, mtaani kwetu Mazwi, kulikuwa na debe lililotembea kuliko watu. Asubuhi utalikuta ukutani, upande jua linakochomoza. Saa nne lipo mbele ya duka. Saa tisa limefika nyuma, karibu na banda la kuku, na jua likizama limeingia ndani, limewekwa kando ya kitanda kama mgonjwa. Mbebaji alikuwa Kulsumu, mke wa Bashiri mwenye duka, mama yake Hamisa. Ndani ya debe mlikuwa na mti wa hina uliofika kiunoni, na mti huo, jamani, ulikuwa umebeba harusi nzima.

Tulieni niwaeleze.

Kulsumu alizaliwa Kaoze, kule chini kwenye bonde la Rukwa, ambako mtu analala uani kwa joto. Alipoolewa akapandishwa huku juu Ufipa, na tangu siku hiyo sijui kama aliwahi kukaa akatulia. Alikuwa anamenya viazi huku anatembea. Uji atauweka jikoni, atoke kutazama nyanya zake, apitie kwa jirani kuuliza bei ya dagaa, akirudi uji umemwagika. Mumewe alikuwa akimwambia, "Mama Hamisa, kiti chako tukiuze tu, bado kipya."

Alichokipenda ni kuotesha vitu, na hapo mtaani hakuwa peke yake. Kina mama wa Mazwi walikuwa na makopo yao ya maziwa na madebe yao ya mafuta yaliyotobolewa chini, na habari zao zilikuwa hizo. Mwenye wadudu kwenye mboga aliambiwa anyunyize majivu asubuhi kabla umande haujakauka. Bertilla, aliyekuwa na mawaridi, alifukia maganda ya mayai shinani na hakumwambia mtu mpaka alipobanwa. Ukimpa mwenzio kijiti cha ua, naye anakuletea mche wa pilipili, na wiki inayofuata anapita kuona kama umeutunza.

Sasa huo mhina. Mama yake Kulsumu alikuwa nao Kaoze, nyuma ya nyumba, na majani yake ndiyo yaliyompaka Kulsumu na dada zake wote walipoolewa. Mwaka 1974 watu walihamishiwa kijiji kipya, nyumba ikabomolewa, mhina ukabaki kwenye mahame peke yake. Mama akafariki kabla hajapata nafasi ya kurudi kukata hata kijiti. Ndipo Septemba ya mwaka 1980 Huseni, kaka yake Kulsumu, akipita huko na baiskeli, akakuta shina limechipua katikati ya majani. Akakata vijiti vitano, akavifunga kwa gunia bichi, akavipandisha mlimani mpaka Mazwi. Alipopita tena pale baada ya mwezi, moto wa nyika ulikuwa umekula shina lote.

Vijiti vitatu vilioza. Kimoja kililiwa na mbuzi. Kimoja kikashika.

Basi Hamisa akapata mchumba, kijana wa Ujiji, na harusi ikapangwa mwezi wa Shaabani, ambao mwaka ule uliangukia Juni, baridi ikiwa imepamba moto. Mwaka ule hata sabuni ya mche tuliipangia foleni, hina ya dukani ndiyo usiiulize. Shangazi yake kijana, Bi Mwantum, akatuma ujumbe kwa dereva wa lori: "Hina tutakuja nayo sisi. Tunasikia huko kwenu hata jogoo anawika amejifunika blanketi."

Kulsumu alikuwa amesimama mlangoni mwa duka. Hakuvuta hata pumzi. "Mwambie Bi Mwantum asihangaike. Hina ipo."

Lori lilipoondoka, Bashiri akauliza, "Ipo wapi?"

"Ile pale."

"Debe lile? Mama Hamisa, pale pana majani ya kumpaka kuku."

"Litakua. Mwanangu atapakwa hina ya bibi yake."

Na neno lilikuwa limeshapanda lori.

Mei ikaja na upepo wake, ule unaopita uwanda mzima bila mti wa kuusimamisha. Majani ya mhina yakaanza kuwa njano. Kulsumu akazunguka mtaa mzima kuuliza. Bertilla akamwambia afunike kwa gunia jioni. Margareth, mke wa fundi viatu, akamwambia maji yawe ya uvuguvugu. Mwingine akasema aufuatishe mti jua. Kila mmoja alikuwa na mti wake uliopona kwa njia yake. Tatizo ni kwamba Kulsumu aliyafanya yote, tena kwa siku moja, na kesho yake akayarudia. Majani yakazidi kudondoka. Alikuwa anayaokota moja moja na kuyaweka kwenye kisahani, hataki hata moja lipotee.

Jirani wa nyuma alikuwa Cornelia, mjane aliyetoka Mwazye, ambaye sote tulimwita Mama Kasimiri. Shamba lake la kabichi lilianzia pale uzio wa Kulsumu ulipoishia. Siku moja alikuja kuomba moto, akasimama na kigae chake mkononi akilitazama debe likipita.

"Mama Hamisa, huo mti unaupeleka wapi?"

"Juani, Mama Kasimiri."

"Na jana?"

"Juani vilevile."

"Mti umechoka safari. Hata mimi ningebebwa hivyo ningepukutika nywele." Akaweka kigae chini. "Una jembe? Twende kule kwangu."

Kila aliyekulia Ufipa anaijua intumba, lile tuta la mviringo. Mvua zikikaribia kuisha watu wanageuza udongo na majani yake mabichi, wanayafukia ndani kama mtu anayefunga mzigo, yaoze humo mpaka msimu ujao. Cornelia alilima hivyo tangu yupo mgongoni kwa mama yake. Alichokijua, na Kulsumu wa bondeni hakukijua, ni kwamba majani yakioza kwa wingi yanatoa joto. Wakafyeka majani mabichi ya kando ya kijito, wakachanganya samadi ya ng'ombe ambayo bado ilikuwa laini, wakayalundika na kuyafukia hadi tuta likawafika mapajani. Baada ya siku tano Cornelia akachomeka mkono juu yake.

"Weka na wako."

Kulsumu akaweka, akautoa haraka, akaurudisha. "Mama Kasimiri! Kaoze hii!"

Wakalipasua debe, wakauteremsha mhina na udongo wake juu ya tuta, mizizi isifike kwenye samadi ikaungua. Jioni unafunikwa kwa tenga la kuku na gunia juu yake.

"Sasa kazi yako ni moja," Cornelia akamwambia. "Usiuguse."

"Maji je?"

"Nitakwambia mimi."

"Nikiona mdudu?"

"Msalimie."

Kulsumu alivumilia siku nne. Mimi nasema alijitahidi, maana mtu wa namna ile siku nne ni mwaka. Siku ya tano akalitoboa tuta ubavuni ahakikishe joto halijaondoka. Lilikuwapo, mvuke ukampiga usoni. Siku ya sita akahakikisha tena. Siku ya saba ubavu ule ukabomoka, mzizi ukabaki nje ukitetemeka kwa upepo, na ndani mkawa baridi kama mtungi.

Akaenda kwa Cornelia, mikono ameificha nyuma.

"Nionyeshe mikono."

Akaionyesha, udongo hadi kwenye viwiko.

"Mama Hamisa, chungu cha maharage ukikifunua kila saa kinaiva? Umebakiza siku ngapi?"

"Kumi na saba." Na hapo machozi yakamtoka. "Nimeshawaambia ipo, Mama Kasimiri. Wanakuja kunicheka na mwanangu yumo."

Cornelia akachukua ungo, akaenda kwenye zizi la jirani, akarudi na samadi inayofuka. Wakaziba ubavu, wakaongeza majani, wakashindilia kwa miguu. Kisha akalibeba jembe la Kulsumu begani, akaenda nalo kwake.

Tangu hapo Kulsumu alikuwa anazunguka. Kulizunguka tuta hakukatazwa. Alizunguka asubuhi, alizunguka akitoka kuswali, mpaka kukawa na njia ya duara isiyo na unyasi. Wiki ya pili machipukizi yakatokea, yenye ncha nyekundu. Akampigia kelele Bashiri dukani, naye akaja, akatazama, akasema, "Sasa yanamtosha kuku na vifaranga vyake."

Siku nne kabla ya harusi tuliamka tukakuta umande umeganda, uwanda wote mweupe kama umemwagiwa chumvi. Kabichi za Cornelia za pembeni ziliungua. Kulsumu alifika kwenye tuta bila viatu. Akatoa gunia, akatoa tenga. Ncha za juu zilikuwa nyeusi, zimelegea kama mboga iliyochemshwa. Chini yake, kwenye pumzi ya tuta, majani yalikuwa mazima.

"Tuyaache siku mbili yaongezeke?" akauliza.

"Baridi ikirudi huna kitu," Cornelia akasema. "Chuma leo."

Wakachuma. Wakayakausha ndani kivulini, maana jua linaifubaza hina, wakayatwanga, wakayachekecha kwa kitambaa cha kanga. Ilipatikana kikombe cha chai kimoja, hakikujaa.

Bi Mwantum alifika na lori na wanawake saba, wamejitanda makoti ya kuazima juu ya kanga. Baada ya sala ya adhuhuri siku ya kupaka, akakunja mikono ya gauni, akasema, "Haya, hina iko wapi?"

Kulsumu akaweka kikombe mkekani. Bi Mwantum akakiinua, akakinusa, akakizungusha.

"Hii ni ya mwali au ya kidole cha mwali?"

Wanawake wakacheka. Kulsumu alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Angeweza kusema nyingine iko njiani.

"Bi Mwantum, nilisema ipo kabla haijawapo," akasema. "Nimeiotesha kwa mti wa marehemu mama yangu. Ndiyo hiyo yote."

Bi Mwantum akamtazama sana, kisha akafungua pindo la kanga yake, akatoa kifurushi kilichonona. "Mimi nilikuja nayo. Mtu akijibu haraka vile, najua hana. Lete bakuli tuchanganye."

"Usichanganye!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Samahani, dada yangu. Ikichanganywa sitaijua tena ni ipi. Yako ipake miguu. Hii ipake mikono."

"Mikono ndiyo inayotazamwa. Na majani ya baridi rangi yake ni dhaifu, nakwambia mapema."

"Ipake mikono."

Hamisa, chini ya ushungi, akanyoosha mikono kabla hajaambiwa.

Wakaikanda kwa chai ya rangi na ndimu, wakapaka, wakafunga vitambaa, na Bi Mwantum akaamuru mikono ishikwe juu ya jiko la mkaa, karibu lakini isiungue. Kulsumu aliingia na kutoka hata wakachoka kumpisha. Kabla ya magharibi vitambaa vikafunguliwa. Miguu ilikuwa imekolea karibu na weusi. Mikono ilitoka rangi ya tofali, tena tofali la pembeni mwa tanuri, lile ambalo moto haukulifikia vizuri.

Bi Mwantum hakuwa mtu wa kuficha. "Imefifia."

"Imefifia," Kulsumu akakubali.

Kisha yakaja mambo ya kumtazama mwali. Wanawake wa Ujiji wakajipanga kwenye mikeka, wa Mazwi nyuma yao, Cornelia karibu na mlango na rozari yake shingoni, na wakaimba kumtaka mwali aonyeshe alichopakwa. Hamisa aliivuta miguu yake mizuri chini ya kanga, akaifunika. Akanyoosha mikono, viganja juu, akaizungusha taratibu kutoka ukutani hadi ukutani, na hakuirudisha mapajani mpaka kila mtu chumbani alipokwisha kuitazama.