Samaki Chumbani kwa Baba

Baba alipopooza upande wa kulia na ulimi wake ukafungwa, nyumba ilihitaji mtu wa kuwaambia wengine anataka nini. Mtu huyo nikawa mimi. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa mwalimu, nimesomeshwa na mapadri kule Kashozi, nikisoma barua za kijiji kizima na kuandika majibu yake, kwa hiyo ilionekana kumsoma baba nako ni kazi yangu. Mama alikuwa akija mlangoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi, ananiuliza, "Anasema nini?" Nami namjibu papo hapo, kama ninavyosahihisha hesabu za darasa la pili.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, nasi tulikaa upande wa Ijumbi, kwenye kibanja cha migomba na kahawa ambacho baba alikilima tangu ujana wake. Kabla ya ugonjwa baba alikuwa msemaji hasa. Alitengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, na watu walikuja kunywa utani wake kuliko pombe yenyewe. Mimi aliniita Bwana Chaki, mbele ya yeyote. Alikuwa pia na hadithi zake za ujanani, za kuwinda samaki aina ya kamongo kwa mkuki kwenye vinamasi vya ziwa, ambazo alizirudia mpaka tukazichoka. Akizianza tu, mimi nilikumbuka nina kazi shambani. Nilifanya hivyo tangu nikiwa mtoto, na nilipokuwa mkubwa nilizidi.

Sasa alibaki na sauti moja, "aa", na mkono wa kushoto.

Samaki nilimpata Bukoba. Nilikuwa nimekwenda kuchukua chaki na madaftari ya shule, nikaingia katika duka la Mhindi mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kuhamia Kampala. Rafu zilikuwa tupu, ila juu ya meza ilibaki chupa kubwa ya peremende, na ndani yake samaki mmoja, mfupi kuliko kidole changu cha kati. Alikuwa mwekundu wa kukolea, na kwenye kingo za mapezi palikuwa na buluu. Mapezi yenyewe yalikuwa marefu mno, yakimfuata nyuma kama nguo aliyoazima kwa mtu mkubwa. Yule Mhindi alisema alipewa na jamaa yake wa Mombasa, ambaye naye aliletewa na baharia kutoka nchi za mbali huko mashariki. Safari ya Kampala haikuwa na nafasi ya chupa.

"Hii samaki ya kupigana, bwana mwalimu," aliniambia. "Weka peke yake. Chakula kidogo tu. Maji badilisha kidogo kidogo. Na usijaze mpaka juu."

Darasani niliwagombeza watoto wasiouliza maswali. Pale dukani niliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyefuga samaki miaka yote, nikaikumbatia chupa na kwenda kutafuta basi. Njia nzima mpaka Muleba niliipakata mapajani, maji yakinilowesha suruali kila tulipoingia shimoni. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka akauliza kama samaki huyo mmoja atatosha mboga ya watu wangapi. Basi zima likacheka. Nami nilicheka, lakini moyoni nilijiona mtu wa maana, mwenye kitu ambacho hakuna mwingine wilayani anacho.

Kumtunza sikujua hata kidogo. Nilianza na makombo ya ndizi za kupika. Aliyatia mdomoni akayatema, akayatazama yakizama. Siku ya pili maji yakawa meupe na kunuka. Nikamhamishia kwenye bakuli, nikaosha chupa, nikaleta maji ya chemchemi, baridi kama yalivyotoka ardhini, nikammwaga humo kwa mara moja. Alilala chini ubavu mmoja, mapezi yamekunjamana, nikasema basi, nimeua. Nilikaa naye mpaka jua lilipopanda na maji yakapata uvuguvugu, ndipo akanyanyuka. Nilijifunza hivyo, kwa kumtesa. Nilijifunza kwamba anakula viluwiluwi vya mbu, ambavyo vilijaa katika pipa letu la maji ya mvua, na kwamba senene, wale panzi tunaowala, wakikaushwa na kusagwa unga mwembamba hawakatai. Nilijifunza pia kwamba ukungu wa asubuhi unamdhoofisha. Jua la kwanza kwetu liliingia kwa dirisha la chumba cha baba, kwa hiyo nikaihamishia chupa huko, juu ya kigoda kando ya kitanda chake.

Sikumletea baba samaki kwa ajili ya kumfurahisha. Nasema hili kwa sababu baadaye watu walinisifu kwa wema ambao sikuwa nao.

Baba aligeuza kichwa. Wiki nyingi alikuwa akitazama paa tu. Sasa alimtazama yule mdudu mwekundu akizunguka, akipanda juu, akigusa uso wa maji kwa mdomo na kushuka tena. Asubuhi moja nilikuwa nikinyoa ndevu mle chumbani, nikaweka kioo changu karibu na chupa. Samaki akajiona. Alitanua mashavu, mapezi yote yakafunguka, akawa mkubwa mara mbili, akajirusha kwenye kioo kupigana na mwenzake asiyekuwapo. Nikasikia sauti nyuma yangu. Niligeuka na sabuni usoni. Mdomo wa baba ulikuwa umevutwa upande mmoja, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

Mama alikuja mbio kutoka jikoni. "Anasema nini?"

"Anacheka, mama," nikasema, na mimi mwenyewe nililia.

Kuanzia siku hiyo baba alikula. Nikimpa samaki viluwiluwi vyake, na baba naye alifungua mdomo kupokea uji. Ndugu waliokuja kumjulia hali waliondoka wakisema mzee anarudi. Mimi nilikwenda mbali zaidi. Nilimwambia mama kwamba msimu wa senene ujao utakuta baba anaongea. Nilisema kwa sauti ya mwalimu, naye aliamini, na jioni hiyo katika rozari alimshukuru Mungu kana kwamba jambo limekwisha kutendeka.

Jumapili moja tulipotoka misani tulimkuta samaki sakafuni. Alikuwa ameruka nje ya chupa. Alikuwa amejaa vumbi, lakini nilipomwokota alipigapiga kiganjani mwangu. Nikamrudisha majini, akakaa muda mrefu bila kusogea, kisha akaogelea. Baba alikuwa na jasho usoni. Alikuwa amelala hapo muda wote huo, anamwona, bila uwezo wa kunyoosha mkono ukafika chini.

Nikaapa halitatokea tena. Kwanza nilijaza chupa. Kwa muda mrefu niliona aibu kumweka kiumbe yule katika chupa isiyojaa, kwa maana kwetu mgeni hapewi kikombe nusu, na niliona onyo la Mhindi kama uchoyo wa mwenye duka tu. Nikamwaga maji mpaka yakafika mdomoni mwa chupa. Kisha nikakata jani la mgomba, nikalipitisha juu ya moto likalainika, nikaliweka juu na kulifunga kwa kamba ya mgomba, mizunguko mitatu na fundo la ndani. Baba ndiye aliyenifundisha fundo lile, zamani, kwa ajili ya vibuyu vya rubisi. Halipitishi hata sisimizi. Nilimwonyesha baba kazi yangu. "Tata, umeona? Sasa hatoki."

Baba akasema, "Aa." Akainua mkono wa kushoto, kiganja kikatazama juu, kisha ukaanguka juu ya blanketi.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

"Maji. Anataka maji."

Nikampa, akanywa. Nilifurahi kwamba nimemwelewa upesi. Lakini ni nani asiyekunywa akiwekewa kikombe mdomoni? Baada ya muda akainua tena. Nikampa tena. Jioni aliinua mara nyingi, na mara zote nilileta kikombe. Asubuhi ya Jumatatu, nikiwa nimevaa tayari kwenda shule, alianza tena, "Aa, aa," mkono unapanda na kushuka. Nilipoleta kikombe alikipiga, maji yakamwagika kwenye shati langu la kazi. Nikakasirika. Mtu mzima mwenye haraka zake, nimelowa kifuani, nikamkasirikia mgonjwa.

"Amechoka," nilimwambia mama. "Chupa hii inamsumbua macho. Anataka kulala."

Tukamgeuza, mimi nikishika mabega na mama akishika miguu, tukamlaza aelekee ukutani. Nilimsikia akisema "aa" kwa ukuta mpaka nilipofika barabarani.

Nilirudi saa nane mchana. Jani lilikuwa limeshuka kidogo katikati na kugusana na maji. Samaki alikuwa amesimama wima chini yake, mdomo umebanwa kwenye jani, mapezi yananing'inia. Nilidhani ananing'inia hivyo kwa kucheza. Nilipokata kamba na kulivua jani, alizama taratibu mpaka chini.

Nikamwita mama. Alikuja akatazama chupa, akatazama lile jani mkononi mwangu.

"Ulimfunika kabisa?" aliuliza. "Huyu si wa kuvuta pumzi juu kama kamongo? Mwana wange, baba yako aliwapata kamongo kwa kuvizia pale wanapopanda kupumua. Si alikuwa akiwasimulia kila siku?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani wewe unajua. Wewe ndiye uliyesoma."

Aliyasema bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilimgeuza baba kutoka ukutani. Nikampigia magoti, nikamwambia, "Tata, ulikuwa unaniambia nifunue. Nisamehe. Nimeelewa sasa." Alinitazama kwa muda. Sikuona hasira. Ningeliona hasira ningelipata cha kushika. Kisha akafumba macho, na mkono wake ukabaki juu ya blanketi.

Hakuuinua tena. Nilijaribu kila njia. Nilimwambia, inua kidole kimoja kwa ndiyo, viwili kwa hapana. Nilimwekea kioo. Nilimletea rubisi kwenye kibuyu. Alikunywa alichopewa, aligeuzwa alikogeuzwa. Ndugu walisema ugonjwa umerudi na nguvu mpya. Mimi nilijua kwamba amekata tamaa, na si kwa sababu ya ugonjwa, ni kwa sababu yangu. Mtu anaweza kuvumilia kupoteza ulimi. Kusema kwa nguvu zote zilizobaki, siku nzima, kwa mwanao wa kumzaa, akakuletea kikombe cha maji, hilo sijui linavumiliwa vipi.

Nikaanza kuyarudia yote niliyowahi kuyatafsiri. Nilisema amekubali kuhamishwa kutoka nyumba yake ya msonge, aliyoijenga kwa mikono yake, aje kwenye nyumba yangu ya bati. Nilijuaje? Mdogo wake alipokuja kutoka Izimbya, safari ya siku nzima, nilimrudisha siku ya pili kwa sababu eti baba amechoka na wageni. Baba mdogo aliondoka ameinamisha kichwa, na hakupata kumwona kaka yake tena akiwa hai. Labda mkono ule ulikuwa unasema abaki. Labda ulikuwa unasema mnirudishe kwangu. Nilikuwa nimezoea kuangalia mkono na kusikia sauti yangu mwenyewe.

Mara nyingi nilitaka kumwambia mama kwamba sielewi kitu, kwamba sikuwahi kuelewa. Aliposimama mlangoni na kuuliza swali lake, nilifungua mdomo kwa nia hiyo, na yakatoka mengine: anataka kulala, anahisi baridi, hana njaa. Alikuwa na mimi tu kati yake na ule ukimya.

Baba alifariki kabla ya msimu wa senene. Ilikuwa asubuhi, nyumba imejaa watu wa ukoo, kwa sababu pumzi zilikuwa zimebadilika tangu alfajiri na kila mmoja alijua. Kwetu mzee haondoki kimya. Husema neno kwa watoto wake, na neno hilo hushikwa. Wakasogea wote. Baba akafumbua macho. Midomo ikatikisika, ikatoka sauti ndefu, ndefu kuliko zote alizotoa tangu alipougua, ikipanda na kushuka kama maneno, kisha ikakatika.

Vichwa vyote vikanigeukia. Mama alinishika mkono. "Anasema nini?"

"Anawabariki wote," nikasema. "Na wewe, mama, anasema ameridhika. Usijihukumu kwa lolote."

Mama alilia kwa namna ambayo sikuwa nimemsikia akilia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Maneno yale yalirudiwa kaburini siku ile, yakarudiwa katika misa ya kumwombea, na wajukuu wakafundishwa. Mama aliishi nayo miaka mingi. Hata alipokuwa anakaribia kuondoka yeye mwenyewe alinishika mkono akasema haogopi kwenda kumkuta, kwa sababu mzee aliondoka ameridhika naye. Nikamwambia ndiyo, mama, ndivyo alivyosema. Mimi ndiye niliyekaa karibu naye kuliko wote, sikio langu halikuwa mbali hata shubiri moja na mdomo wake, na mpaka leo sijui alisema nini.