Pikapu Iliyovaa Gambuti

Mume wangu alipozinunua zile tairi za meno, nilimwambia waziwazi kwamba ameoa mke wa pili. Zilikuwa pana, nene, zimeizidi saizi ya kiwandani, na meno yake yalikuwa makubwa hata kuku angeweza kutaga katikati. Majirani walikuja kuziangalia. Yeye akawa anaizunguka pikapu, mikono mgongoni, akijifanya hana habari kwamba anatazamwa.

Sikumlaumu sana. Tunalima mahindi nje ya Kitale, upande wa mlimani, na mvua ikikolea njia ya shambani kwetu huwa uji. Kwa tairi hizo pikapu ilipanda na magunia yake huku wenzetu wakisukumana kwenye tope. Mimi nashona sare za shule mjini, na asubuhi nikishushwa mbele ya duka na gari linalonguruma kama trekta, nami nilijidai kidogo.

Kisha mama yangu akapata stroki.

Anakaa upande wa Mabanga, nje ya mji wa Bungoma, pamoja na mke wa kaka yangu. Kaka mwenyewe yuko kazini mbali. Upande wake wa kulia wote ulilala. Daktari alituambia tusipange mambo ya miaka, twende tumwone wakati bado anatujua. Nilitaka kwenda kwake mara mbili kwa wiki, lakini pikapu ilikuwa inakunywa. Nikitoka Kitale na mafuta ya kutosha, nikifika Kamukuywa mshale umeshaanza kuinama, na kurudi nilirudi nimezima redio ninamwomba Mungu, utadhani redio ndiyo iliyokuwa ikinywa petroli. Uwezo wetu ulikuwa safari moja, tena si kila wiki. Kila nilipoaga, Mayi, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, aliniuliza nitarudi lini, nami nilijibu kwa maneno ya kuzungukazunguka.

Nikaanza kutafuta mchawi. Nilisema petroli ya siku hizi imechanganywa na mafuta ya taa. Nilisema tangi linavuja, nikapiga magoti chini ya gari na leso yangu kiunoni, nikanusa udongo. Nilisema kuna mtu anainyonya kwa mpira. Mume wangu alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Wewe unaendesha kama umeiba hiyo gari," akasema.

Tulinuniana siku nzima.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba mita ya kilomita ilionyesha safari ya Bungoma imekuwa fupi kuliko zamani. Nikawatangazia wateja wangu dukani kwamba barabara imenyooshwa. Kumbe tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi katika mwendo uleule, na mita yenyewe huhesabu mizunguko tu. Gari lilikuwa linakula njia ambayo halikuiandika.

Tulifumbuliwa macho na breki. Pikapu yetu ilipoingia gereji kutengenezwa breki, jirani alituazima yake, ya aina ileile na injini ileile, ila ni kuukuu kuliko yetu. Niliiendesha hadi Mabanga na kurudi, na mafuta yaliyobaki yangenifikisha hata Kapenguria, mbele ya Kitale. Yetu ilipotoka gereji tuliziegesha bega kwa bega, tukasimama tukizitazama. Mume wangu alichuchumaa, akapapasa tairi ya jirani, akapapasa ya kwetu. Nilimwona akibadilika uso.

"Ni viatu," akasema.

"Viatu gani?"

"Hizi tairi, mama watoto. Yetu imevaa gambuti za tope. Hebu vaa gambuti utembee kwa lami mpaka Bungoma, uone kama hutakula chakula ya watu wawili."

Akanieleza hapohapo. Meno yale ni mazuri kwenye tope, lakini kwenye lami hujikunja na kujikunjua bila kupumzika, na injini ndiyo inayolipia kila mkunjo. Uzito wake na urefu wake huichosha injini kwenye mlima, dereva akashusha gia na kukanyaga zaidi. Upana nao unagombana na upepo. Tairi za jirani zilikuwa nyembamba, za lami, za saizi ya kiwandani, na zimejazwa upepo sawasawa. Basi.

Sikumwomba kitu. Nilijua tairi zile zilikuwa ni nini kwake.

Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake, wala hampi mkono. Tangu Mayi augue, mume wangu alikuwa akija Mabanga na kuketi nje kando ya ukuta wa jikoni, akiulizia hali yake kupitia kwangu. Hangeweza kumwinua wala kumlisha. Nilimwona jinsi alivyokuwa akiikunja kofia yake na kuikunjua, mtu mzima asiye na la kufanya.

Siku chache baadaye nilitoka dukani nikakuta pikapu imesimama kwenye tairi nyembamba za lami, imedhoofika kama jogoo aliyenyeshewa. Nilicheka mpaka nikashika mlango.

"Cheka tu," akasema. "Lakini kesho enda kwa mama."

Msimu ule wote wa mvua aliiacha pikapu kwenye lami, akawa anatoa magunia shambani kwa mkokoteni wa punda, tope magotini. Majirani walimtania wakachoka. Hakunikumbusha hata mara moja kwamba ni kwa ajili yangu. Nilimshukuru, akaniambia nipunguze maneno niongeze chai. Namshukuru mpaka leo.

Kesho yake baada ya tairi kubadilishwa, nilifika Mabanga jua bado ni la asubuhi. Pikapu iliingia uani kimya, hata mbwa hakubweka. Wifi yangu alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Aliponiona akaliachia shuka likaanguka kwenye karai.

"Ati umefika? Na hatujasikia gari!"

Akakimbia aniwahi mlangoni, lakini nilikuwa nimeshaingia.

Siku zote nilimkuta Mayi sebuleni kwenye kiti, kitambaa kichwani, shali imemfunika mpaka kidevuni, ananukia mafuta ya kujipaka. Nilirudi Kitale nikiwaambia watu kwamba anaendelea vizuri. Siku hiyo alikuwa kitandani. Shuka lilikuwa limelowa, uji umemkaukia shingoni, na nywele zake zilikuwa wazi, nyeupe zote. Aliponiona aligeuza uso ukutani.

"Toka," akasema kwa ulimi wake mzito. "Ngoja nje kwanza."

Wifi alisimama nyuma yangu akipangusa povu mikononi. "Tukisikia ile gari ikinguruma kwa kona, yeye huniambia haraka, haraka, nivalishe. Hataki umwone hivi, bana."

Kumbe tairi za meno zilikuwa zinapiga mbiu, na watu wawili wanahangaika humu ndani ili mimi nikute mama aliyepambwa. Nilimtazama wifi, aliyekuwa ameubeba mzigo huu wote bila kulalamika, nikamkumbatia na povu lake. Nikamwambia aketi, leo apumzike. Sikutoka nje. Nilichota maji ya moto jikoni nikarudi na karai.

Mayi alinuna. Nilimwosha uso, shingo, nyuma ya masikio, nikimwambia sasa ni zamu yangu kumsugua mpaka alie. Nilikuwa sina haraka. Mafuta ya kurudi yalikuwepo, na ya kuja tena keshokutwa.

"Mgongo," akasema hatimaye. "Sugua sana. Huyu wa hapa anaogopa kuniumiza."

Wifi akacheka, nami nikacheka, na mdomo wa Mayi ukasogea upande mmoja. Kisha akaingiza mkono wa kushoto, ule ulio mzima, chini ya blanketi, akautoa ule mkono wa kulia aliokuwa akiuficha kwenye shali tangu augue. Ulikuwa umekonda, vidole vimejikunja. Akauweka mapajani mwangu, kama mtu anayempa mwenzake mtoto ampakate.

"Na huu," akasema.

Nikavifungua vidole vyake taratibu, kimoja kimoja, nikaviosha.