Kipande cha Pili cha Kanga ya Mama

Aliogelea nani? Yule? Acha hizo. Na usiniulize "kwani wewe ulikuwepo?" Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama ziwani, maji kiunoni, beseni mkononi, siyo mbali na pale ndege ya abiria ilipokaa. Mimi ni fundi simu hapa Mabatini, sijasomea popote, nimejifunza kwa kufungua simu mbovu mpaka zikanionea huruma. Kila simu inayoletwa kwangu ina hiyo video yake, na kila mwenye simu anataka kunifundisha kilichotokea.

Kwanza, hakuna aliyekufa. Ndiyo maana nina mdomo wa kucheka.

Mama yangu anaanika dagaa mwaloni, pale boti za wavuvi zinaposhusha. Jumamosi nafunga kibanda nakwenda kumsaidia. Boti zikirudi asubuhi hazifiki nchi kavu, zinakwama kwenye mawe. Kwa hiyo akina mama wanaingia majini, wanapanga mstari toka kwenye boti mpaka kwenye nyavu za kuanikia, na beseni linapita mkono kwa mkono. "Pokea!" "Leta!" Huangalii beseni, humwangalii aliyekupa. Unanyoosha mikono, kinachokuja unapitisha. Wa mwisho anamwaga wavuni, anatandaza, baadaye anageuza. Ukidondosha, utaimbwa mpaka uzeeke.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imekata, ukungu bado umelalia ziwa. Tukasikia ndege ya pangaboi inakuja chini, chini mno. Ikagusa maji, ikaruka, ikagusa tena, ikakaa kama bata mzee, mkia juu. Hata akina mama wa pale, ambao sijawahi kuwaona wamenyamaza tangu nizaliwe, walinyamaza.

Mama ndiye aliyepiga kelele. "Mwageni mzigo! Kachukueni watu!"

Wavuvi wakamwaga dagaa ziwani, kitu ambacho sikuwahi kukiona, wakapiga kasia mpaka kwenye mlango wa ndege. Boti ikajaa watu, ikarudi, ikakwama palepale inapokwamaga siku zote. Na akina mama wakajipanga palepale wanapojipangaga. "Pokea!" "Leta!" Mtoto, pokea. Bibi kakumbatia mkoba hataki kuuachia, pokea na mkoba wake. Rubani, pokea.

Ndipo akaja huyo wako. Bosi mzima, kitambi, shati jeupe, tai. Chini, chupi. Kumbe mle ndani kuna mtu alipiga kelele kwamba suruali ikilowa inazamisha, na abiria wote yeye peke yake akatii. Alipofika kwangu mgongo ukalia kwaa. Alikuwa anasema, "Niacheni, naweza, naweza," huku kanikaba shingo kwa mikono miwili.

Mwisho wa mstari alikuwepo bibi mmoja ambaye miaka yote kazi yake ni kumwaga na kutandaza. Mikono yake haibagui. Akamlaza bosi juu ya wavu, katikati ya dagaa wabichi, akamnyoosha vizuri. Baada ya muda akamgeuza.

"Bibi, mimi ni mtu!"

"Najua, baba. Tulia ukauke na upande huu."

Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia. Mama hakucheka. Alimwona yule mtu anavuta ncha ya shati imfunike, haimfuniki, na simu za watu zimeshaanza kutoka mifukoni. Akafungua kanga yake kiunoni, akabaki na sketi inayochuruzika, akamfunga bosi mwenyewe, fundo na fundo. "Pole, baba."

Sasa hiyo kanga. Ya njano, maua ya korosho nyeusi, pembeni ina tundu la cheche ya mkaa. Ni doti aliyoachiwa na marehemu bibi. Kipande kimoja mama anajifunga kazini, kingine anajifunikia kulala, wiki inayofuata vinabadilishana zamu ili vichakae pamoja. Bosi akapanda gari la wagonjwa na kipande chake. Hakugeuka nyuma.

Siku ya tatu, video. Kakaa kwenye sofa, kanyooka: "Niliogelea mwenyewe mpaka nchi kavu. Hakuna aliyenisaidia."

Hakuna! Nilirusha bisibisi. Nikaenda mbio kwa mama, nikamwambia nakwenda kuchukua kanga, na juu yake nataka neno moja tu, asante. Alikuwa anageuza dagaa, hata kichwa hakuinua.

"Usiende."

"Mama, amekuita hakuna!"

"Ng'wanawane, mwanangu, mimi nilimsitiri. Wewe unataka kwenda kumvua?"

"Na doti ya bibi je?"

Jioni nikamwona anakunja kile kipande kilichobaki, anakiweka sandukuni. Hajifunikii tena. Kesho yake nikakitoa, nikaenda nacho Kiseke, kwa bosi. Mtu akishaonekana kwenye video, bodaboda wote wanajua kwake.

Akafungua mkewe. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Nikakunjua kanga. Yule mama akaitazama, akaingia ndani, akatoka na kipande cha pili. Akavilinganisha, korosho kwa korosho.

"Ya nani hii?"

"Ya mama yangu."

"Kumbe ni mama yako! Mama yako ndiye anayenichukulia mume!"

Unaona? Bosi alirudi nyumbani kavaa kanga ya mwanamke, inanuka dagaa, na kwa kuwa hakuna aliyemsaidia, alishindwa kueleza kaitoa wapi. Lile sofa la kwenye video? Ndipo alipokuwa analala.

Lakini mimi mama yangu akiguswa, masikio yanaziba. Nilipandisha sauti mpaka majirani wakatoka. Bosi naye akatoka. "Dogo, taratibu..."

"Taratibu nini? Sema! Uliogelea?"

Akamtazama mkewe. Akaitazama kanga. "Walinibeba," akasema kwa chini.

"Sauti!" Huyo ni mkewe, siyo mimi.

"Walinibeba! Wakanianika!"

Mkewe alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote wawili mwaloni. Kanga imefuliwa, imepigwa pasi, bado inanuka dagaa. Bosi akamwinamia mama, japo yeye ndiye anayemzidi umri kabisa, akasema, "Shikamoo, mama. Asante." Na mama akaitikia, "Marahaba, baba," bila aibu. Yule bibi wa mwisho wa mstari akamuuliza kama alishakauka.

Usiku mama akajifunika.

Ila video hajaifuta, na hajarekodi nyingine. Nilitaka nirudi Kiseke. Mama akanizuia: "Mwachie hiyo. Mtu hafunikwi nusu." Basi jina lake sitalitaja, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mama.

Lakini wewe umeleta simu kibandani kwangu, umekalia kiti changu, na bado unabisha. Haya nijibu: kama aliogelea mwenyewe, kanga ya mama yangu ilifikaje Kiseke?