Mgomba si Mafuta ya Drili

Nakumbuka vizuri siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipotaka kutoboa chuma bila mafuta. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kujifunza kwa Mzee Rutta, fundi wa milango ya chuma pale Omurushaka, na nilishajiona fundi kumzidi yeye. Nyuma ya nyumba yetu, kando ya migomba, niliweka ubao juu ya matofali nikauita karakana.

Kazi yenyewe ilikuwa kipande cha springi ya gari, nikitoboe matundu mawili kiwe bawaba ya geti. Springi ni chuma kigumu. Mimi nikaikandamiza drili kwa kifua kizima, kasi yote, bila tone la mafuta. Biti, kile chuma cha kutobolea, ikaanza kulia, ikatoa moshi, ncha ikawa ya bluu. Mafuta yalikuwa dukani, mwendo wa dakika kumi tu. Lakini sisi watu wa huku tuna dawa moja ya kila kitu: mgomba. Mzigo tunafungia mgomba, mikono tunafutia mgomba. Basi nikakata kipande cha shina, kinachuruzika maji, nikaona nimevumbua kitu. Ujanja mwingi mbele kiza.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye drili, kwa hiyo nikamwita dada yangu Koku. Yeye alikuwa mshonaji, na wiki hiyo alikuwa anamalizia magauni ya mabinti wa Kipaimara. Nikamwambia akandamize kile kipande cha mgomba juu ya chuma, karibu na biti, maji yawe yanadondoka.

"Na chuma chenyewe kimeshikwa na nini?" aliuliza.

"Na mguu wangu."

Alinitazama, kisha akainama akashika. Aliniamini, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Shina la mgomba lina nyuzi. Zilijisokota kwenye biti, zikavuta kile kipande pamoja na vidole vyake kabla sijaachia swichi. Chuma nacho kikachomoka chini ya kandambili yangu, kikazunguka na biti. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliumia. Hospitali walivishona, kimoja hakikunyooka tena.

Mzee Rutta alikuja keshokutwa yake kumpa pole. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akatafuna punje za kahawa alizokaribishwa bila haraka yoyote. Nikajitetea kwamba ajali haina kinga.

"Hii ilikuwa na kinga," alisema. "Kuna jiliwa la kubania chuma, kuna chupa ya mafuta. Biti ikilia inakuambia punguza mwendo. Wewe ukamwita dada yako."

Nilitaka kuiuza ile drili, na Koku ndiye aliyenikataza, mkono ukiwa kwenye bandeji. Alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, halafu akanituma nikatafute mtu wa kumalizia yale magauni.

Sasa wewe nawe umenunua drili yako, basi nisikilize. Chuma kibane kwenye jiliwa. Usiamini mguu wako wala mkono wa mtu. Piga nukta kwanza kwa nyundo na msumari mgumu, biti isiteleze. Chuma kigumu kinataka mwendo wa taratibu, na tundu dogo kabla ya kubwa. Dondoshea mafuta, hata ya injini kama huna mengine, na uinue biti mara kwa mara ipoe na itoe vile vipande vinavyojisokota. Vipande hivyo uvifagie kwa brashi, kwa maana vinakata kama wembe. Biti ikishaiva moto usiimwagie maji baridi, itapasuka. Glavu vua, mikono ya shati kunja, kwa sababu kinachozunguka hakichagui uzi wa mgomba na uzi wa nguo. Vaa miwani pia. Mimi huwa naisahau mpaka leo. Katika hilo usiniige.

Koku bado anashona. Uzi huutia kwenye sindano kwa mkono wa kushoto, na nikiwa pale huwa natazama pembeni. Mungu akulindie macho yako na vidole vyako, mwanangu, na zaidi ya hivyo akulindie vidole vya yule utakayemwita aje akusaidie.