Niliambiwa Nipande, Nikapanda Mlima

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka mwili bado unanisisimka. Leo unaniona hapa Chapwa nina mashine ya kusaga na lori linalovuka mpaka, na darasa lenyewe niliishia la nne. Nani mwingine Tunduma nzima amefika nilipofika kwa elimu ile? Haya, tuyaache. Umeniuliza kama mtu akifika juu kiroho raha nayo huzidi. Nisikilize basi mimi niliyefika.

Nilikuwa kijana wa Hasamba, kijiji cha ujamaa ndiyo kwanza kimeanza. Jumapili moja, katika maombi, nilijisikia mwepesi kama unyoya, machozi yananitoka, moyoni utamu kupita asali. Nikautaka tena. Nikamwendea Mzee Nzowa, mzee wa kanisa, mtu wa Kinyiha tupu. Mimi kwa kujidai nikamsemesha Kiswahili, ajue nimesoma.

"Mzee, nifanye nini furaha ya Mungu inizidie?"

Akakitafuta Kiswahili chake, akakipata. "Panda, mwanangu. Mvua hii hapa. Wewe panda tu."

Angesema Kinyiha ningemwelewa, maana kwetu kupanda mbegu na kupanda mlima ni maneno mawili. Lakini nilikitaka Kiswahili, nikakipata. Kesho yake nikapanda mlima, nikakaa huko siku tisa. Mchana nafunga, jioni nachoma viazi. Na utamu ulikuja, sikudanganyi! Siku ya tano nilijiona nimewapita wachungaji wote.

Sasa sikia. Kabla sijaondoka, balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amenikabidhi mbegu ya mahindi ya Mama Tusekile, mjane mwenye watoto wanne, nimpandie shamba lake. Nikaifungia chumbani kwangu. Kijiji kizima kufuli lilikuwa langu peke yangu, na ufunguo nilikuwa nao shingoni, kule mlimani.

Nikashuka uso unang'aa. Mashamba ya wenzetu mahindi yalishachomoza, mvua imekatika sasa ni siku ya tatu, udongo umeanza kukauka. Shamba la Mama Tusekile jeupe. Katikati yake Mzee Nzowa, na mguu wake ule mbovu, amepiga goti anafukia mahindi aliyoyatoa kwenye chakula chake mwenyewe. Nikasimama kama niliyepigwa radi.

Mama Tusekile akaniona. "Jamani, malaika ameshuka! Shikamoo malaika. Mbegu yangu umewapandia huko mbinguni?" Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nilikwambia upande," mzee akasema. "Umepanda nini?"

"Mlima, mzee."

 Akaniambia kwa Kinyiha, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Kapige magoti pale, anza na ule mstari."

Nikaenda kufungua kufuli, nikaileta ile mbegu, tukafukia kutwa nzima. Kwa aibu nikamuuliza, safari hii kwa lugha ya mama yangu: basi ule utamu ulikuwa uongo? Akasema, "Si uongo. Ila wewe uliupenda kama mlevi anavyopenda pombe. Aliyelala hasikii mtoto akilia. Aliyeamka ndiye anayesikia. Mungu akikuamsha, utasikia vilio ambavyo jana hukuvisikia. Vitakuuma. Na mtoto akinyamaza mikononi mwako, hapo utajua furaha."

Mwanangu, mahindi yale yalitoka machache, ya njano. Msimu ule ghala langu lililisha nyumba mbili, yangu na ya Mama Tusekile, na nilijifunza kulala na njaa bila kuiita kufunga. Mbele za watu najisifu kwa mengi, lakini watoto wale wanne, leo watu wazima, wakinipita njiani wananiamkia, nami huangalia chini.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Raha huzidi, ndiyo, lakini na uchungu huzidi nayo, kwa kuwa macho yaliyofunguka hayachagui cha kuona. Ukitoka kwenye maombi umejaa furaha, usikimbilie kuitafuta nyingine. Uliza kwanza jirani amekula nini. Ukijiona umepanda sana na jirani yako humwoni, ujue umepotea, hukukua. Mwenye kuvimba si mwenye kunenepa.

Nenda, mwanangu. Mungu akuamshe mapema, na akikuamsha akupe na mikono ya kubembeleza. Mlango wako usipungukiwe na wa kubisha, wala chungu chako na cha kumpa.