Nani Anamfulia Fundi Ovaroli?

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani mwenye jicho kali. Ukimletea shati lililokatika kifungo, alijua kama kimekatika chenyewe au kimevutwa, na akikaa kimya ujue anamjua na aliyekivuta. Mwanamke wa namna hiyo hadanganyiki kirahisi. Ndiyo maana siku mumewe aliporudi kazini ananukia sabuni, cherehani ilisimama.

Tangu waoane, mume huyo alinuka tapentaini. Alikuwa msafishaji wa mitambo kwenye kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kulowesha matambara kwa tapentaini, si ile ya utomvu wa miti bali ile ya bei rahisi itokanayo na petroli, na kuondoa wino kwenye rola. Nguo zake zilinuka, nywele zilinuka, hata mto ulinuka. Mikono aliinawa kwa tapentaini hiyohiyo, ngozi ikakauka na kupasuka, na kila jioni Mama Vifungo aliipaka mafuta huku akimgombeza. Oga kabla hujaja. Vaa glavu. Usivute sigara na nguo hizo mwilini. Mume alicheka tu, akasema hayo ndiyo marashi ya wanaume. Sikio la kufa halisikii dawa, mkewe alimjibu, akaendelea kupaka. Tuseme ukweli, aliipenda saa ile. Ndiyo pekee ambayo mume alikaa kitako akamsikiliza.

Sasa mume anarudi kaoga, shati safi, ovaroli haionekani. Glavu anavaa. Sigara kaacha. Mikono imepona, imekuwa laini kama ya karani, wala haihitaji mafuta ya mtu. Alipoulizwa ovaroli iko wapi, akasema inabaki kazini, Bi Mchanga ndivyo alivyoagiza.

Huyo Bi Mchanga alikuwa msimamizi mpya wa usalama, aliyeajiriwa baada ya karakana ya jirani kuungua. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu ya ndoo za mchanga alizozipanga kila kona. Basi nyumba ikapata mgeni asiyeonekana. Chakula kikiwa mezani, Bi Mchanga kasema mvuke wa tapentaini ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni ukaukuta moto hata chumba cha pili. Chai ikimiminwa, Bi Mchanga kasema matambara yaliyolowa yatiwe kwenye pipa la bati lenye kifuniko. Tena Bi Mchanga kasema tapentaini isitiwe kwenye chupa ya soda, mtu asije akainywa. Mama Vifungo aliuliza kama Bi Mchanga ameshasema chai inywewe kwa mkono upi. Jirani aliyekuja kuchukua sketi akamwambia ashukuru, mgeni njoo mwenyeji apone. Sketi ile ilikuwa bado haijamaliziwa, na Mama Vifungo aliishona kwa hasira hata ikambana mwenye sketi.

Kilichomchoma hakikuwa kule kuoga. Ilikuwa ovaroli. Kama inabaki kazini, nani anaifua kama si huyo Bi Mchanga? Mwanamke anayemfulia mumeo nguo ameshamjua. Anajua jasho lake, anajua mifuko yake. Alijiona akirudishiwa mume siku moja kama shati lililobadilishwa vifungo vyote. Akaamua kwenda kumwona huyo dobi kwa macho yake.

Alifika adhuhuri, mtandio mpya kichwani. Langoni alimkuta mwanamke mwenye miwani na viatu vizito, si mzee si kijana, na kwa bahati mbaya hakuwa na sura mbaya. Mwanamke huyo alimsalimu vizuri, akajitambulisha kuwa ndiye msimamizi wa usalama, kisha akaomba simu, na kiberiti kama anacho, vibaki kwenye sanduku la nje. Mama Vifungo alitoa simu kana kwamba anakabidhi cheti cha ndoa. Akapelekwa ua wa nyuma, mbali na mitambo.

Mumewe alikuwa huko, kachuchumaa mbele ya beseni pamoja na wanaume wengine wawili, glavu mpaka viwikoni, anafua ovaroli iliyokwisha kupigwa upepo mpaka mvuke ukaisha. Tena anafua vizuri. Anafikicha kola, anasuuza, anakung'uta, ananyoosha mikono ya nguo kwenye kamba. Mtu ambaye nyumbani hajawahi kusuuza kikombe.

Mama Vifungo angemkuta kakumbatiwa, angejua la kusema; maneno yake alikuja nayo tangu nyumbani. Lakini hili? Mume amefundishwa, na amefundishika. Wale wawili walimwamkia shemeji, wakauona uso wake, mara wakakumbuka wana kazi ndani.

"Nimekwambia mpaka nimechoka," alisema, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Oga, vaa glavu, acha sigara. Huyu kaja juzi tu, unamsikiliza. Ana nini?"

Mume hakucheka. Alivua glavu, akaongea bila kumtazama.

"Wewe uliniambia nanuka. Yeye aliniuliza nguo zangu zinafuliwa na nani, nikasema mke wangu. Akauliza mke wangu anafanya kazi gani, nikasema fundi cherehani. Akauliza anapigia pasi gani." Akazitundika glavu kwenye kamba. "Nikasema ya mkaa."

Mama Vifungo akaiona: ovaroli mbichi kwa tapentaini, imetupwa chini ya meza ya kushonea kama kila jioni, na juu yake pasi imejaa makaa mekundu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba siku zote nilikuwa nakuletea moto nyumbani? Niliona aibu."

Alilia, kisha akakasirika kwa kuwa amelia. Wivu hauondoki kwa kuelezwa. Huyu mwanaume alilala naye kitanda kimoja na hakuwahi kuwaza kwamba mkewe anaweza kuungua. Ilibidi aulizwe na mwanamke mwingine.

Langoni Bi Mchanga alimrudishia simu, akamtakia safari njema. Mama Vifungo aliizungusha simu mkononi. Halafu akamwambia, "Asante, dada." Alilisema neno hilo kwa moyo wake wote, na lilimuuma kuliko kama angemkuta mwanamke huyo na kosa.